Cheti cha Kifo cha Jiko

Hapana, mjukuu wangu, sijachanganyikiwa. Akili zangu zipo zote. Nimesema "poleni na msiba" kwa sababu nimemwona mama yako anafuta sinia, basi. Ni mazoea. Wengine wakiona chakula kinakuja wanasema bismillahi, mimi ulimi unatangulia kwenye pole. Nilikaa nchi moja wakati wa ujana wangu, nikivunja kokoto, na huko mtu hawezi kula chakula cha mchana mpaka kwanza ampe pole mpishi. Unacheka? Cheka. Mchuzi bado unatokota, tuna nafasi, nitakueleza.

Jina la nchi hiyo limenitoka. Si hii yetu. Hapa kwetu mambo hayo hayajawahi kutokea, na wakubwa wetu wanasema hayatatokea, na mimi nawaamini. Ile ni nchi ya mbali. Unapanda gari, unashuka, unapanda jingine, unashuka, unatembea.

Sasa pale machimboni tulikuwa wanaume themanini. Kazi ni nyundo na jiwe, tangu jua linachomoza. Saa saba mchana king'ora kinalia, watu wanakimbilia getini, na getini ndiko walikokuwa akina mama na vibanda vyao. Kumi na wawili. Sita walikuwa wanapika chakula, waliobaki walikuwa na vitu vingine, mmoja barafu, mmoja maziwa, mmoja ananyoosha nguo, hivyo hivyo. Mkubwa wao alikuwa Bi Mashavu. Mashavu yenyewe hakuwa nayo, alikuwa mwembamba kama mwiko, lakini sauti! Akikuita ukiwa chini kabisa ya shimo, unasikia na jina la baba yako.

Mimi nilikuwa nakula sahani moja na rafiki yangu Malugu, maana tulikuwa tunachanga. Huyo Malugu mdomo wake haukuwa na mlango. Kila siku lazima amchokoze.

"Bi Mashavu, leo maharage yana kokoto, au sisi ndio tunavunja maharage kule chini?"

"Kula wewe, jino lako lilishang'oka kwa uongo, usinisingizie."

"Na macho hayo mekundu? Ulikuwa unanililia mimi?"

"Nikulilie una nini? Nalia moshi."

Na ni kweli, alikuwa analia moshi. Jiko lake lilikuwa la udongo na pipa la lami, alilijenga marehemu mama yake, na kile kibanda alikiacha mama yake. Kibanda hicho ndicho kilichosomesha wadogo zake watatu. Lakini jiko lenyewe lilikuwa linakula mkaa, we acha. Gunia linaingia, unageuka kukohoa, ukirudi gunia limekwisha. Faida yote ilikuwa inatoka na moshi. Kwa hiyo usije ukadhani Bi Mashavu alikuwa hataki vitu vipya. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Aliposikia kwenye redio kwamba serikali ina majiko banifu ya kuwakopesha akina mama wafanyabiashara, alimtafuta mtu wa kumwandikia barua, akaweka dole gumba, akaipeleka kwa miguu.

Ikajibiwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

*

Nchi ile ilikuwa na Wizara ya Kuwapunguzia Akina Mama Mkaa na Umeme. Wizara nzima. Waziri wake aliitwa Mheshimiwa Ngwalida, mtu mpana, mpenda watu, na alikuwa anachukia sana upotevu wa nishati. Magari ya msafara wake yalikuwa kumi na moja, na akiwa mkutanoni yote yanaachwa yananguruma na madirisha yamefungwa, ili ubaridi wa ndani usipotee bure.

Lori likaja na majiko sita, jokofu moja, pasi moja, na mashine ya maziwa. Vifaa vizuri, nisiwe mnafiki. Jiko lile lilikuwa na ukuta mnene, mlango mdogo, linang'aa, unaweza kujitazama ndevu. Fundi aliyelishusha alituambia mkaa wa kujaza kofia yake unaivisha maharage ya watu hamsini. Bi Mashavu alilipapasa kama mtu anavyopapasa mtoto aliyerudi safari.

Nyuma ya lori alikuja kijana wa suti. Tulimwita Bwana Itifaki, kwa sababu kila alipofungua kinywa neno la kwanza lilikuwa hilo. Akapanda juu ya jiwe.

"Kwa mujibu wa itifaki," akasema, "kifaa chakavu na kifaa kipya haviwezi kuishi nyumba moja. Mama akiachiwa la zamani, atalirudia. Kwa hiyo la zamani linateketezwa hadharani, mbele ya mashahidi, na mama anapewa cheti."

"Baba, liacheni kwanza nijaribu jipya," Bi Mashavu akasema. "Lile ni la mama yangu."

"Itifaki haina mama."

Wakalivunja. Na nani aliyelivunja? Sisi. Wavunja kokoto ndio tuliopangwa, tena kwa nyundo zetu. Malugu alipiga ya kwanza, akamtazama Bi Mashavu, hakuweza kupiga ya pili. Nikapiga mimi. Bado nausikia ule mlio. Vipande vikatupwa nyuma ya choo.

Halafu vyeti vikagawiwa. Karatasi nzito, nembo ya taifa juu, mhuri chini. Malugu alikuwa amesoma kidogo, akatusomea:

"Jamhuri. Cheti cha Kifo cha Kifaa Chakavu. Jina la marehemu: Jiko. Umri: miaka ishirini na miwili. Makazi: Getini. Sababu ya kifo: ulafi wa mkaa. Imethibitishwa na mimi, Ngwalida, Waziri."

Tukacheka. Mungu anisamehe, mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo. Bi Mashavu hakucheka. Alikikunja kile cheti mara nne, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Haya," akasema, "sasa niwashe, watu wana njaa."

"Hapana!" Bwana Itifaki akaruka mbele ya jiko, mikono ameitandaza. "Halijazinduliwa!"

*

Sijui kama wewe unajua kuzindua. Hapa kwetu kitu kikifika kinatumika, kila mtu anajua. Nchi ile hapana. Kitu kisichozinduliwa na mgeni rasmi bado hakijafika, hata kama umekikalia. Wakazungusha utepe kwenye kila jiko, na juu ya fundo wakadondosha lakiri nyekundu, wakapiga mhuri. Jokofu la mama wa barafu, utepe. Pasi, utepe. Wakaweka na askari wawili.

"Uzinduzi ni lini?" Bi Mashavu akauliza.

"Hivi karibuni."

Tukaagizwa sisi machimboni tuchonge jiwe la uzinduzi. Jiwe zuri, na tarehe tukaichonga kama tulivyoandikiwa. Tarehe ikafika, Waziri akawa yuko ng'ambo kwenye mkutano wa kubana matumizi, siku tisa, na familia. Tukaambiwa lile jiwe limeharibika, maana siku imepita, tuchonge jingine. Tukachonga. Siku ikafika, wakaona utepe ni wa kijani na Waziri amepanga kuvaa buluu. Jiwe la tatu. La nne Waziri alipiga chafya, akashauriwa apumzike. Jiwe la tano sikumbuki, nadhani liliharibika lenyewe kwa kuchoka.

Na huku nyuma, chakula hakuna. Jiko la zamani limekufa, jipya halijazaliwa. Mama wa barafu samaki wake walioza ndani ya jokofu jipya, maana hata waya hakuruhusiwa kuuchomeka. Sisi tulikuwa tunatafuna muhogo mbichi, tunashushia na maji. Nyundo ikaanza kuwa nzito. Malugu siku moja aliona giza, akajipiga kidole, kucha ikaruka kule. Akaniambia, "Afadhali, maana nilikuwa sikumbuki kama bado ninacho hiki kidole." Alikuwa hawezi kuacha mzaha hata damu ikimtoka.

Bi Mashavu hakukaa kimya. Asubuhi moja alichukua yale mawe yaliyopitwa na tarehe, matatu, akayapanga mafiga, akasogeza vijiti, akabandika chungu. Uji ulikuwa haujapata hata povu, askari hao. Wakamwaga uji, wakayabeba mawe. Kosa lake? Kuchoma mali ya serikali. Mawe yalilala kituoni siku mbili. Nimeyaona kwa macho yangu, yamewekwa mahabusu na mlevi mmoja, na mlevi analalamika kwamba yamemnyima nafasi.

Ndipo msimamizi wa machimbo akaja kibandani. Aliitwa Dogoli, si mtu mbaya, ila alikuwa anaogopa waliomzidi cheo.

"Bi Mashavu, watu wangu wanatoa nusu ya kokoto. Wenye machimbo wananiuliza mimi."

"Na mimi nimwulize nani, Bwana Dogoli?"

"Sijui. Mimi nimeambiwa hivi. Jumamosi, king'ora cha saa saba kikilia na hapa getini hakuna chakula cha watu themanini, hiki kibanda anapewa mpwa wa mkuu wa wilaya. Atauza biskuti."

"Biskuti! Mtu anavunja jiwe kwa biskuti?"

"Biskuti hazina moshi, hazihitaji kuzinduliwa."

Bi Mashavu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtu mwenye sauti kama ile akinyamaza, unatamani akutukane.

*

Siku nne tano kabla ya hiyo Jumamosi alikuja bwana mwingine, ana mizani na fomu. Huyu tulimpa jina la Bwana Kipimo. Kazi yake ni kupima mkaa uliookolewa, halafu karatasi inakwenda kwa wafadhili, watu wa nchi za baridi wanaotoa fedha za majiko.

"Mwezi ule wa zamani, mama, ulichoma magunia mangapi?"

"Kumi."

"Na mwezi huu, tangu kifaa kipya kifike?"

"Sijachoma hata kipande. Sijapika, mwanangu! Wamelifunga!"

Bwana Kipimo akaandika sifuri, akaizungushia duara, akaitazama kama mtu aliyeokota dhahabu. "Umeokoa mkaa wote. Asilimia mia moja! Sijawahi kuona."

"Andika na sababu."

Akaipindua fomu mbele na nyuma, kweli alitafuta, nisimsingizie. "Mama, fomu haina mahali pa sababu."

Akaenda kibanda cha pili, asilimia mia. Cha tatu, mia. Jokofu halijala umeme hata kidogo, mia. Ikapelekwa kwa wafadhili, wafadhili wakashangaa, maana nchi zao wenyewe, na elimu yao yote, hawajawahi kufika hata nusu. Kesho yake redio ikatangaza kwamba nchi ile imekuwa ya kwanza duniani kwa akina mama kutotumia nishati. Wimbo wa taifa ukapigwa mara mbili. Kuna barua ya pongezi ilikuja, na tuzo ya kioo, umbo la moto usiowaka.

Sisi wajinga tukafurahi, tukajua sasa Waziri atakuja mbio kukata utepe. Na kweli, siku ikatajwa, Jumamosi hiyo hiyo. Lakini Bwana Itifaki alipokuja kutupanga, akasema habari zimebadilika kidogo. Waziri anakuja kusherehekea mafanikio. Utepe hatakata.

"Hatakata?" Bi Mashavu akauliza.

"Mama, fikiria. Ukiwasha, ile mia itashuka. Utakuwa umelishusha taifa kwa sababu ya maharage. Majiko yatabaki na lakiri ili kulinda mafanikio."

"Mpaka lini?"

Unajua alivyojibu.

*

Jumamosi ikafika. Sisi themanini tukapangwa kwenye jua tangu saa moja, tunafundishwa kupiga makofi. Kulikuwa na makofi ya aina tatu, ya heshima, ya furaha, na ya mshangao. Mpwa wa mkuu wa wilaya naye alikuwapo, mtu mzima wa miraba minne, ameketi juu ya maboksi yake ya biskuti nje ya kibanda cha Bi Mashavu, anatazama saa.

Saa nne msafara ukaingia. Magari kumi na moja, yakaachwa yananguruma. Waziri akapanda jukwaani, akapewa kipaza sauti.

"Mimi nawaambieni," akasema, "zamani mama wa nchi hii alikuwa mtumwa wa mkaa. Leo mama huyu yuko huru! Jiko lake linang'aa. Nauliza, jiko lipi lisilo na masizi? Jiko lililostaarabika! Tumetoka kwenye moshi, tumevuka moto, tumefika mahali ambapo moto wenyewe hauhitajiki!"

Makofi ya mshangao. Na hapo hapo, kwenye kipaza sauti, tumbo la Waziri likanguruma. Refu. Spika zikalipeleka mpaka shimoni, likarudi. Bwana Itifaki akapiga makofi ya heshima, ikabidi na sisi tufuate.

Ikaja zamu ya risala ya akina mama. Bwana Itifaki ndiye aliyeiandika, na Bi Mashavu hajui kusoma, kwa hiyo alimkaririsha. Akasimama. "Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi akina mama tumeshiba furaha..."

Akaikatiza hapo. Akamtazama Dogoli. Dogoli akatazama chini. Ilikuwa saa tano na dakika chache. Bi Mashavu akafungua kanga ya kichwani, akajifunga kiunoni, akakaa chini vumbini mbele ya Waziri, akatoa kilio. Mjukuu wangu, nywele zilinisimama.

"Uwiiii! Nimefiwa miye! Nimefiwa, na hakuna aliyekuja kunipa pole!"

Wale kumi na mmoja wengine hawakungoja kuambiwa. Wakakaa chini, wakaitikia.

Sasa ngoja nikueleze desturi ya kule, maana ndiyo yenyewe. Moto wa msiba hauombewi kibali. Polisi akikuta watu wanapikia msiba katikati ya barabara, anavua kofia, anasogeza kuni. Na mtu msiba ukimkuta mahali, haondoki mpaka ale. Akiondoka bila kula, watu wanasema yeye ndiye aliyeua. Mkubwa, mdogo, hakuna. Ndivyo walivyozaliwa wakaikuta.

Waziri akavua kofia, akasahau kama yuko jukwaani. "Pole, mama. Nani?"

"Marehemu wangu mimi. Mwezi mzima amelala nyuma ya choo, hajapikiwa hata chai!"

Watu wakaguna. Bwana Itifaki akashuka mbio. "Mama, usituvurugie. Nani amekufa hapa? Mbona mimi sina taarifa?"

Bi Mashavu akafungua pindo la kanga, akatoa ile karatasi, akaikunjua mara nne, akampa. Bwana Itifaki akasoma. Akasoma tena. Jasho likamtoka mpaka kwenye tai.

"Hili ni jiko."

"Wewe ndiye uliyeliandika marehemu."

"Jiko halifi, mama."

"Basi cheti ni cha uongo?" Malugu akauliza kwa sauti, kutoka kwenye mstari wetu. "Nauliza tu. Maana kina saini."

Waziri akanyoosha mkono, akaletewa. Akavaa miwani. "Hii saini ni ya nani?"

"Ni yako, Mheshimiwa."

"Mhuri?"

"Wa taifa, Mheshimiwa."

Akafikiri. Unaona kabisa anafikiri, na tumbo linamsaidia kufikiri, maana likanguruma tena. "Mimi," akasema, "sijawahi kusaini kitu cha uongo. Kama nimesaini amekufa, amekufa. Wapeni akina mama nafasi, waomboleze."

"Lakini mafanikio, Mheshimiwa!" Bwana Itifaki karibu alie na yeye. "Mkaa! Mia yetu!"

Wote wakamgeukia Bwana Kipimo. Masikini yule mtu, akaitoa fomu yake, akaipindua mbele na nyuma. "Mkaa wa chakula cha biashara unaingia hapa. Mkaa wa msiba..." Akatafuta tena. "Fomu haina mahali pa msiba."

"Kwa hiyo hauhesabiwi?"

"Hauwezi kuhesabiwa, Mheshimiwa, hata tukitaka."

Bi Mashavu alikuwa ameshasimama. Mkasi wa mgeni rasmi ulikuwa juu ya mto wa hariri, umeletwa kwa mapambo tu. Akauchukua, akasema, "Niazime, baba," akakata utepe. Lakiri ikaanguka vumbini. Majiko sita yakafunguliwa, maji yakaingia, maharage yaliyolowekwa tangu jana yake yakaingia. Alikuwa ameyaloweka, unasikia? Tangu jana. Na mkaa wa kujaza kofia, kama yule fundi alivyosema. Moshi hakuna. Alikuwa anakoroga na macho yake ni makavu, na huku analia kwa sauti, maana msiba ni msiba.

*

King'ora kikalia maharage yanatoa povu la mwisho na wali unafunikwa. Dogoli akaja na saa yake mkononi.

"Saa saba, Bi Mashavu. Chakula kipo?"

"Kipo, baba. Vua viatu."

Akavua. Mikeka ilikuwa imetandazwa mpaka chini ya magari. Bwana Itifaki akazunguka akitafuta meza kuu, hakuna, msibani hakuna meza kuu. Waziri akashushwa kwenye mkeka kati yangu na Malugu, soksi yake ina tundu la kidole gumba. Yule wa biskuti akasimama kidogo na maboksi yake, halafu akayafungua, akayagawa kama mkono wa pole, akakaa. Kibanda kikabaki kwa Bi Mashavu. Nilitaka ulijue hilo mapema, maana nakuona ulivyokunja uso.

Lakini ngoja, usikunjue sana. Msiba kule ni siku arobaini. Siku arobaini alipika, na sisi kila saa saba tunapanda kutoka shimoni tumeinamisha vichwa, tunampa pole, tunadondosha rambirambi kwenye bakuli, maana kuuza hakuruhusiwi, halafu tunakula. Jiko lilikuwa zuri mno. Faida aliiona, akaezeka bati. Redio inasema bado mia. Siku ya thelathini na tisa Bi Mashavu akapeleka sufuria bovu wizarani, akaomba livunjwe, apewe cheti. Wakavunja, wakampa. Wengine wakafuata, huyu na mwiko, huyu na ungo. Wizara ikafungua dirisha la vifo vya vyombo, foleni inazunguka jengo. Baada ya mwaka nchi nzima ilikuwa inaomboleza mchana. Ukipita mjini saa saba unasikia vilio kila kona, ukichungulia unaona watu wanafuta midomo.

Na hili ndilo lililonitoa kule. Malugu aliangukiwa na jiwe. Kweli kweli, si cheti. Tukampeleka kwake, tukakaa mikekani, Bi Mashavu akapika, tukalia. Tukalia kama kila siku. Nikajipapasa ndani nitafute kilio kingine, cha rafiki yangu, sikukipata, nilichokuwa nacho ni kile cha wali. Mkewe Malugu ndio kwanza alikuwa amefika kutoka ng'ambo ya mpaka, mgeni wa mambo yetu. Akanitazama nimeshika tonge na machozi yananitoka, akaniuliza, "Shemeji, huu ndio msiba, au ndio chakula?"

Bi Mashavu naye alisikia, akaweka upawa chini. Halafu akauinua, maana watu themanini walikuwa wanangoja. Mimi mwezi haukuisha nikapanda gari, nikashuka, nikapanda jingine, mpaka hapa.

Basi ndiyo sababu yenyewe. Nikiona sinia ninasema pole, na siku nyingine ninaisema kwa Malugu, nadhani sasa ninakipata kidogo kidogo kile kilio. Haya, mama yako huyo anakuja. Shikilia upande huo, zito. Mwite na baba yako aache hiyo baiskeli. Nipe mkono nikae... taratibu, goti. Sogea, mwachie mama yako nafasi, ndiye aliyesimama tangu asubuhi. Wote tumekaa? Hakuna aliyebaki amesimama?

Poleni na msiba.

"Tumeshapoa, babu. Nawa mikono, ule."